Unataka Kuanza Kazi ya Kujenga Nyua Ngoliba? Piga Hesabu Hizi Kwanza

Tangu mashamba ya kutoka Gatuanyaga kuelekea Ngoliba yaanze kukatwakatwa kuwa ploti, vijana wa Thika na Ruiru wananiuliza swali moja kwa maneno tofauti. Mmoja anasema ana elfu hamsini, je, zinatosha kuanza kufensi? Mwingine ni fundi wa mjengo aliyechoka kungojea kibarua Juja. Mwingine yuko Marekani, anataka kumfungulia ndugu yake biashara hapa nyumbani. Wote wanataka kuambiwa kiasi cha pesa.

Kiasi nitawapa, lakini sikieni jibu fupi kwanza. Vifaa vya kuanzia kazi hii si ghali. Kilicho ghali ni usafiri, makosa ya kipimo, na pesa zako kukwama kwa mteja. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: uza kazi ya mikono kwanza, mteja anunue nguzo na waya mwenyewe. Biashara ya kuuza vifaa itakuja baadaye, ukishajua udongo, bei na watu.

Najua wengi hawapendi kusikia hivyo. Pingamizi zenu nitazijibu mbele.

Kazi ipo, ila jua ni kazi ipi

Ruiru na Ngoliba si soko moja. Ruiru, hasa pande za Membley, Kamakis na Kenyatta Road, ploti nyingi zimeshajengwa. Wenye nyumba huko wanataka ukuta wa mawe ya Ndarugo, miba ya wembe juu yake, au waya wa stima. Hiyo ni kazi ya mwashi na ya fundi wa umeme. Ukiwa na mtaimbo na kamba peke yake, utaitwa tu kuzungushia mabati mahali panapojengwa, na mabati hayo yatang'olewa nyumba ikiisha.

Ngoliba kazi ni tofauti. Utaitwa na watu wa namna tatu:

- Aliyenunua ploti ya futi 50 kwa 100 na haishi hapo. Anataka kuonyesha kwamba mahali pana mwenyewe, basi. Nguzo za simiti na mistari mitano ya seng'enge zinamtosha.
- Mkulima mwenye ekari moja au zaidi, anayezuia mbuzi na ng'ombe wa jirani wasile maharagwe yake. Huyu anahitaji ua unaofanya kazi kweli.
- Mfugaji wa kuku au mwenye kisima na matangi. Huyu anataka waya wa matundu, tunaouita chain link, na lango linalofungwa.

Swali lako la kwanza kwa mteja liwe: "Unazuia nini?" Bei uiulize baadaye. Mbuzi hupenya kwenye seng'enge iliyoachana inchi 12 bila kukwaruzwa. Ukimjengea mwenye mbuzi ua wa mistari mitano iliyoachana sawasawa, atakupigia simu kabla ya mwezi kuisha, na atakuwa na haki. Mistari ya chini iwe karibu karibu, ya juu ndiyo iachane.

Kama shamba liko kando ya Mto Athi, usiahidi kuzuia kiboko. Seng'enge haimzuii, na fundi anayesema inamzuia anatafuta lawama. Mweleze mteja hivyo, na umshauri azungumze na ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Vifaa vya kuanzia

Orodha hii inatosha kwa genge la watu wanne:

- mitaimbo miwili na sururu moja
- sepetu mbili na jembe
- wilibaro moja na karai mbili
- kamba ya mwashi, angalau mita 100
- futi ya mita 50 (ile ya mita 5 itakudanganya, kwa sababu kila ukiirudisha unaongeza kosa)
- pimamaji
- nyundo na plaizi nzito mbili
- mashine ya kukaza waya
- glavu za ngozi na buti kwa kila mtu

Ukizunguka maduka ya Thika bila haraka, ukachanganya vipya na vya mtumba, unaweza kuvipata kwa takriban shilingi 30,000. Kitu kimoja usinunue cha bei rahisi: mashine ya kukaza waya. Waya uliovutwa kwa mkono hulegea, na ua uliolegea ndio utakaokutangaza vibaya.

Usinunue pikapu. Usikodi yadi. Usichapishe fulana zenye jina la kampuni. Weka shilingi 15,000 hadi 20,000 kando za kulipa watu wa mkono kama mteja atachelewesha malipo, maana wao hawachelewi kula.

Hesabu ya ploti moja

Tuchukue ile ploti ya 50 kwa 100. Mzingo wake ni futi 300, yaani kama mita 91. Bei nitakazotumia ni za mfano. Kabla ya kumpa mteja makadirio, piga simu dukani siku hiyo hiyo, kwa sababu bei ya chuma na ya simiti haikai.

Nguzo zikiwa kila baada ya futi 10, unahitaji 30. Ongeza moja ya lango. Kila kona inahitaji nguzo mbili za kuegemeza, na lango mbili, hizo ni 10. Jumla 41. Wanaoanza husahau hizo 10, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Waya: mistari mitano mara mita 91 ni 455. Toa upana wa lango, ongeza asilimia 10 ya mafundo na vipande vinavyopotea, unafika karibu mita 480. Roli dogo la seng'enge lina mita 480 likiwa kamili. Kubwa lina 610. Nunua kubwa. Ukinunua dogo, huenda waya ukakuishia mstari wa mwisho ukiwa nusu, na nauli ya kurudi Thika ikala faida ya siku.

Hesabu yenyewe ni hii:

- nguzo 41 kwa shilingi 700: 28,700
- roli la seng'enge: 6,000
- simiti mifuko 5 kwa 800: 4,000
- mchanga na kokoto: 5,000
- waya wa kufungia, kilo 3: 600
- usafiri wa Canter: 6,000
- fundi mmoja (1,500) na watu wa mkono watatu (800 kila mmoja), siku 3: 11,700
- chakula, maji na nauli: 1,500

Jumla ni 63,500, na lango halimo. Lango ni la fundi wa kuchomelea, na bei yake ijitenge.

Sasa tazama upande wako. Umekubaliana na mteja akulipe 20,000 za kazi peke yake, vifaa vyote juu yake. Watu wa mkono watakula 7,200, chakula na nauli 1,500. Zimebaki 11,300. Kama wewe ndiye fundi, 4,500 kati ya hizo ni mshahara wako wa siku tatu. Faida ya biashara ni 6,800.

Mkikuta mwamba na kazi ikaongezeka siku moja, utatumia 2,400 za watu wa mkono, 500 za chakula na 1,500 zako. Faida imeshuka hadi 2,400. Ikiongezeka siku mbili, umeanza kumlipa mteja ili umfanyie kazi. Ndiyo sababu hupaswi kutoa bei kwa simu. Nenda uone, na uende na mtaimbo.

Udongo utakaokutana nao

Siku ya kwenda kuona ploti, chimba mashimo matatu: kona mbili na katikati ya upande mrefu. Futi mbili kwenda chini. Nusu saa hiyo itakuambia mambo ambayo mwenye ploti mwenyewe hayajui, hasa kama aliinunua kwa kuonyeshwa picha.

Ukikuta mawe chini ya futi moja, sema mapema. Andika kwenye makubaliano kwamba shimo la mwamba lina bei yake. Mteja akikataa, shukuru na uondoke.

Ule udongo mweusi ndio unaowatoa watu machozi. Kiangazi unapasuka hadi kidole kinaingia kwenye ufa, na juu ni mgumu hivi kwamba mtaimbo unaruka. Masika unavimba na kunata, sepetu haijisafishi, na Canter inazama hadi ekseli. Nguzo iliyosimamishwa humo Septemba kwa kushindiliwa udongo tu, ikifika Mei imelala upande. Kwa hiyo:

1. Chimba futi mbili na nusu hadi tatu. Mbili hazitoshi.
2. Shimo liwe pana zaidi chini kuliko juu, ili zege lishike kama mzizi.
3. Nguzo za kona, za lango na za kuegemeza zote zipate zege. Za katikati, angalau moja kwa kila tatu.
4. Usiache zege limetandazwa juu ya udongo kuizunguka nguzo. Udongo ukivimba utalisukuma, nalo liinue nguzo.
5. Usikaze waya siku ya kumwaga zege. Subiri angalau siku tatu. Wiki moja ni bora.

Nambari tano inawashinda wengi, kwa sababu mteja anataka kuona ua umekamilika Jumamosi. Mweleze kwamba waya uliokazwa unavuta nguzo ya kona kwa nguvu ambayo zege bichi haliwezi kuistahimili. Akishaona nguzo ya kona imeinama kwenye ploti ya jirani, ataelewa mara moja.

Bikoni kwanza

Nikipewa nafasi ya kutoa onyo moja tu, ni hili. Usichimbe hata shimo moja kabla ya kuonyeshwa bikoni zote nne, yaani alama za mpaka.

Ploti nyingi za huku zimepitia mikono mingi: kampuni ya kununua mashamba, broka, mnunuzi wa kwanza, wa pili. Njiani bikoni moja imeng'olewa na trekta, nyingine imezikwa, na ya tatu mtu ameisogeza makusudi. Mteja atakuonyesha kichaka na kukuambia, "Ni kutoka pale hadi pale." Wewe ukichimba "pale", na pale ni kwa mwingine, mteja yuko Nairobi au Dallas. Wewe ndiwe utakayekutwa na mtaimbo mkononi polisi wakifika.

Fanya hivi:

- Omba nakala ya hatimiliki, na matokeo ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi. Mteja mkweli hatachukia.
- Omba ramani ya ploti, uilinganishe na kilicho ardhini.
- Bikoni ikikosekana, mteja amlete mpima ardhi mwenye leseni. Gharama ni yake. Usikubali kukadiria kwa hatua.
- Mwite jirani wa kila upande siku ya kutandaza kamba, akiwapo mteja au mtu wake. Mzee wa kijiji akipatikana, vizuri zaidi. Piga picha kila mtu akiwa amesimama kwenye kona.
- Usiing'oe bikoni ili upate nafasi ya nguzo. Nguzo ikae kando yake, ndani ya ploti ya mteja. Kuharibu au kuondoa alama ya mpaka bila idhini ya msajili wa ardhi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012.

Kuna kipimo rahisi kinachotambua shida mapema. Ploti ya 50 kwa 100 yenye kona za mraba, ukiipima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, inatoa futi 111 na karibu inchi 10. Pima mshazari wa kwanza, kisha wa pili. Vipimo hivyo vikitofautiana kwa futi nzima, ama ploti si mstatili au bikoni imehama. Simama hapo. Tazama ramani kabla ya kuendelea.

Na majirani wakianza kuzozana mbele yako, kunja kamba. Sheria hiyo ya Usajili wa Ardhi inampa msajili wa ardhi kazi ya kuamua mipaka. Hata mahakama haisikilizi kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili hajaamua. Fundi wa ua hawezi kuwa hakimu, hata akilipwa vizuri.

Mambo mengine matatu ya kutazama kabla ya kutandaza kamba: akiba ya barabara, njia ya nyaya kubwa za stima, na ukingo wa mto. Kanuni za maji zinalinda ukingo wa kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, na Athi si mto mdogo. Ua utakaobomolewa baadaye, jina litakalochafuka ni lako.

"Lakini faida iko kwenye nguzo"

Ndiyo, ipo. Anayejitengenezea nguzo anapata zaidi kwa kila ploti kuliko anayesimamisha tu. Hebu tuone gharama yake.

Nguzo ya inchi 4 kwa 4, urefu wa futi 7, inakula zege kiasi kwamba mfuko wa simiti wa kilo 50 unatoa nguzo sita au saba, ukichanganya moja, mbili, tatu: simiti, mchanga, kokoto. Ongeza nondo nyembamba nne ndani ya kila nguzo, kalibu, maji, mahali palipo sawa, na mlinzi wa usiku. Kisha ngoja. Nguzo inataka kumwagiwa maji angalau siku saba, na simiti hufikia nguvu yake ya kuhesabika baada ya siku 28. Kwa muda wote huo pesa zako zimelala chini ya jua. Ndiyo maana sokoni utauziwa nguzo za siku tatu. Mwenye yadi anahitaji pesa, anauza zikiwa mbichi, na zinavunjika kwenye lori.

Halafu uzito. Nguzo hiyo moja ni zaidi ya kilo 50. Zile 41 za ploti yetu ni tani mbili na zaidi. Pikapu ya tani moja haibebi hata 20 kwa usalama. Kabla hujaota yadi, uliza Canter inatoza ngapi kwenda na kurudi Ngoliba, na inatoza ngapi mvua ikinyesha.

Ukinunua nguzo kwa niaba ya mteja, zikague hivi:

- Kwaruza kwa msumari. Ikimomonyoka mchanga, iache.
- Tazama kama nondo inaonekana nje. Ikionekana itaota kutu, na kutu itaipasua nguzo.
- Wawili waishike ncha mbili na kuinyanyua. Ikionyesha nyufa katikati, ni mbichi.
- Uliza ilimwagwa lini. Muuzaji akisitasita, umeshajibiwa.

Nguzo za mti ni nyepesi na za bei nafuu, na mkulima mwenye ekari tano atazitaka. Ngoliba kuna mchwa. Mkaratusi usiotiwa dawa kiwandani hautadumu, na kuupaka oili chafu ni kumpa mteja matumaini tu. Akitaka mti, anunue uliotiwa dawa, na muuzaji awe na karatasi zake za misitu, kwa sababu kusafirisha mazao ya msitu kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu, KFS. Mkulima asiye na pesa za kutosha mwambie ukweli: aweke nguzo chache na mistari mitatu, na apande kayaba ndani yake. Kayaba huchukua miaka, ila ikishashikana hata kuku hapiti. Unaweza kumuuzia miche mwenyewe. Kitalu cha kayaba kinakula mtaji mdogo kuliko kazi nyingine yoyote niliyoitaja hapa.

Pesa za mteja si zako

Njia salama kwa anayeanza: wewe unaandika orodha ya vifaa, mteja analipa moja kwa moja kwa M-Pesa kwenye nambari ya duka, duka linatoa risiti kwa jina lake, nawe unapokea na kuhesabu. Ikipungua simiti, haikuhusu. Bei ikipanda, haikuhusu.

Kuna pia sababu ya kodi ambayo wengi hawaijui. Biashara ndogo yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Kodi hiyo inakatwa kwenye mauzo yote, haingojei kuona faida. Ukipitisha vifaa kwako na kumtoza mteja 75,000, kodi ni 2,250. Ukimtoza 20,000 za kazi tu, ni 600. Kazi ni ile ile.

Malipo ya kazi yagawe mara tatu: sehemu kabla ya kuanza, sehemu nguzo zikisimama, sehemu ya mwisho siku ya kukabidhi. Mteja aliye ng'ambo atataka picha. Mpigie video kwa WhatsApp ukitembea mpaka mzima, shimo kwa shimo, kabla ya kumwaga zege na baada. Wateja wa ng'ambo wameumizwa sana na jamaa zao, na fundi anayewaonyesha shimo kabla halijafunikwa wanamtafutia kazi kwa wenzao.

Makubaliano yawe kwenye karatasi, hata ukurasa mmoja:

- nambari ya ploti na mzingo uliopimwa
- aina ya nguzo, umbali kati yake, kina cha shimo
- idadi ya mistari ya waya
- nani ananunua nini, na nani analinda vifaa usiku
- bei ya shimo la mwamba
- siku za malipo
- mteja anathibitisha kwamba mipaka ni sahihi na kwamba migogoro ya mpaka ni yake

Hilo la kulinda usiku lisikupite. Roli la waya likiachwa kwenye ploti wazi, asubuhi hutalikuta. Elewaneni na jirani mwenye nyumba, mlipe kidogo, alaze vifaa kwake.

Na tafadhali, usikope kwa programu za simu ili kuanza kazi ya mtu. Mteja akichelewa wiki tatu, riba haimngojei.

Makaratasi

Usiyaogope, wala usiyafanye yote siku moja.

- Jina la biashara unasajili kupitia eCitizen. Ada yake si kubwa.
- Kibali cha biashara ni cha Kaunti ya Kiambu. Ukivuka Athi kufanya kazi Machakos, uliza masharti ya huko.
- PIN ya KRA, na mfumo wa ankara wa eTIMS. Kampuni na shule zitakataa risiti isiyo ya eTIMS, kwa sababu bila hiyo hawawezi kuhesabu malipo yako kama gharama yao kwenye kodi.
- Usajili wa NCA, mamlaka ya ujenzi. Kwa seng'enge ya mkulima hakuna atakayekuuliza. Kwa tenda ya shule au zahanati utaulizwa. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kupitia mpango wa AGPO. Jisajili hata kama tenda ya kwanza bado iko mbali.
- Ukuta wa mawe ni ujenzi, na unahitaji idhini ya kaunti. Mteja aipate kabla hujaweka jiwe.

Watu wako

Ajiri watu wa Ngoliba kwa kazi za Ngoliba. Unaokoa nauli, na kijana wa hapo anajua ploti ipi ina kesi. Walipe jioni ile ile, hata kama wewe hujalipwa. Fundi anayesifika kwa kulipa hakosi watu msimu wa kazi ukifika.

Glavu na buti si mapambo. Seng'enge iliyokazwa ikikatika inaruka na kurudi, na inaweza kutoa jicho. Wakati wa kukaza, asisimame mtu usawa wa waya. Mtu akichomwa na waya wenye kutu, apelekwe zahanati siku hiyo akachomwe sindano ya pepopunda. Sheria ya fidia za ajali kazini ya mwaka 2007 inakubana wewe mwajiri, hata kama mtu wako ni wa kibarua cha siku moja.

Makosa ninayoyaona tena na tena

- Kutoa bei "kwa kila mita" bila kuona ardhi.
- Kusahau nguzo za kuegemeza.
- Kuongeza umbali kati ya nguzo hadi futi 14 ili kumridhisha mteja kwa bei. Waya utalegea.
- Kujenga lango mwisho, kisha kugundua gari haliwezi kukata kona kuingia.
- Kukubali kazi nne mwezi wa Desemba, wenye ploti wakiwa nyumbani, na kuziacha zote nusu.
- Kutumia malipo ya kwanza ya mteja wa pili kumalizia kazi ya mteja wa kwanza. Ukifika hapa, acha kuchukua kazi mpya hadi ulipe.

Kwa hiyo ni shilingi ngapi?

Kwa kazi ya mikono peke yake, vifaa 30,000, akiba ya mishahara hadi 20,000, na kidogo ya usajili na kibali. Aliyesema ana elfu hamsini yuko karibu sana. Aongeze za makaratasi na aanze. Mwenye laki tatu anayetaka kufungua yadi ya nguzo Makongeni, namwomba azifungie kwa miezi sita, afanye kazi kumi za mikono kwanza, kisha aamue. Na ndugu yangu wa Marekani: kabla ya kutuma pesa, mwambie nduguyo akafanye kibarua kwa fundi mwingine mwezi mmoja. Akirudi bado anaitaka kazi hii, mnunulie mashine nzuri ya kukaza waya.